Wali wa Mpakani

Semeni hakuwa mtu wa kupendwa, na tusidanganyane leo kwa sababu tu yamemkuta. Watu wana tabia hiyo. Mtu akishaanguka, kila mmoja anakumbuka kwamba alikuwa na moyo mzuri. Moyo wa Semeni ulikuwa wa kwake mwenyewe. Alikuwa na macho makali, mikono myepesi na ulimi ambao ukikugusa asubuhi, mpaka jioni bado unawasha. Ukimpa shikamoo anaitika marahaba huku anakuangalia umevaa nini na umebeba nini.

Kazi yake ilikuwa kuokoteza. Pale bondeni Pongwe, kwenye mashamba ya tungule, ndizo nyanya, na bilinganya kando ya mto, kulikuwa na desturi ya siku nyingi ambayo hakuna aliyejua ilianzishwa na nani. Mwenye shamba akishachuma mpaka akatosheka, miche imechoka na majani yamekunjamana, huiacha imesimama. Anasema, "Zilizobaki za Mungu," anajifuta mikono, anaondoka. Hapo ndipo wanapoingia wanawake wasio na mashamba, na ndoo zao, wakifunua majani kutafuta tungule zilizojificha, zile ndogo, zilizopasuka, zenye baka. Waislamu wa pale walifanya hivyo, na Wakristo ambao wazee wao walikuja kukata mkonge walifanya hivyo hivyo. Semeni alikuwa wa kwanza kuingia na wa mwisho kutoka, na ole wake mwanamke atakayetia ndoo kwenye mstari aliouanza yeye. Masalio yake aliyapeleka Ngamiani kwa akina mama wanaopika chachandu ya kachori, maana chachandu haiulizi tungule ilikuwa na sura gani.

Aliishi hivyo tangu mumewe alipompa talaka, watoto wakiwa wadogo, akaondoka na kila kitu isipokuwa kinu. Watoto wamekua, wamekwenda zao. Ardhi hakuwahi kuwa nayo, hata ya kuzikia kuku. Kwa hiyo alikuwa anataka kitu kimoja tu hapa duniani, na kila mtu bondeni alikijua: kile kipande cha marehemu mzee Idarusi, kilicholala kati ya shamba la Anjela na shamba la Uweso. Udongo mweusi, mfereji unapita mlangoni, jua linapiga tangu asubuhi. Tangu mzee afariki hakuna aliyelima pale. Wanawe wako Dar es Salaam, hawataki habari ya jembe, wakakirudisha kwa kikundi cha wakulima. Semeni akipita hapo na ndoo yake alikuwa anapunguza mwendo, anainama, anang'oa kijani kimoja cha magugu kana kwamba ni chake.

Basi mwaka ule vuli ikakatika mapema, kaskazi ikaingia na joto la kumtoa mtu jasho amekaa kivulini. Na joto likamleta kantangaze.

Kantangaze ukimwona huwezi kumwogopa. Ni nondo mdogo wa kijivu, hazidi punje ya mchele. Anataga kwenye jani, na mtoto wake anaingia ndani ya jani lenyewe, kati ya ngozi ya juu na ya chini, anakula nyama ya katikati, jani linabaki na mabaka meupe kama limemwagikiwa maji ya moto. Akichoka na majani anaingia kwenye tunda, pale penye kikonyo. Nje unaona tungule nzuri nyekundu, ukiipasua ndani mavi matupu. Wengine husema ameitwa hivyo kwa sababu akikuingilia, habari za kufilisika kwako zinafika sokoni kabla yako.

Bwana shamba alikuja na pikipiki yake, akawakalisha wakulima chini, akawapa mitego ya harufu: beseni la maji ya sabuni, juu yake kipande cha mpira kinachonuka kama jike. Madume wanakuja wanadhani wamepata mke, wanazama. Asubuhi ya pili mabeseni yalikuwa meusi. Bwana shamba akatikisa kichwa.

"Mnawafuga wenyewe," akasema. "Hii miche mnayoiacha imesimama baada ya mavuno, ndiyo nyumba yao. Wanazaana humo, halafu wanavuka kwa jirani mwenye miche michanga. Ukimaliza kuchuma, ng'oa siku hiyo hiyo, choma, fukia. Na mnavu unaoota ovyo, humo pia wanataga, ng'oa. Msipofanya hivyo, Ramadhani hakuna atakayekuwa na tungule ya kuuza."

Hapo desturi ya masalio ikafa, mchana kweupe, bila hata ya kusomewa dua. Wanawake wa ndoo waliposikia walikuja wote. Najat, aliyekuwa akiokoteza na mimba ya miezi saba, alilia akasema, "Basi na sisi mtufukie humo humo." Semeni hakulia. Alimtukana Castory, mwenyekiti wa kikundi, akamtukana na mama yake Castory aliyekwishakufa, kisha akamtukana bwana shamba pamoja na pikipiki yake.

Castory alimwacha amalize. Alikuwa mtu mpole wa sauti na mgumu wa moyo, na watu wa namna hiyo ndio wa kuogopwa. Wenzake walipoondoka akamwita pembeni.

"Bi Semeni, hapa bondeni nani anafunua majani kuliko wewe?"

"Hakuna."

"Nani anajua shamba gani limechoka na shamba gani linajidai?"

"Mimi."

"Basi utukagulie. Kila shamba, kila siku mbili tatu. Unachokiona, unakisema mbele ya kikundi. Msimu ukiisha salama, Ramadhani ikapita watu wameuza, shamba la marehemu Idarusi utapewa wewe. Ila desturi ya pale unaijua. Wa mpakani lazima wakubali."

Semeni alikuwa amekwishakubali kabla hajamaliza kusema. Na hao wanawake aliokuja nao kulia? Aliwapita njiani bila kuwasalimu.

Desturi yenyewe ni hii. Mtu mpya hapewi shamba bondeni mpaka apike wali, aulete mpakani, aketi na majirani wa pande zote mbili. Wakila, shamba ni lake, na kuanzia siku hiyo maji ya mfereji wanagawana naye. Wasipokula, basi. Hakuna kikao, hakuna mzee wa kumwombea. Watu wa pale wanasema, mtu ambaye huwezi kula wali wake, utamwachiaje mfereji wako usiku ukalala?

Bwana shamba akamfundisha kazi. "Usipite pembeni tu, mama. Ingia katikati, nenda kwa kukata kona, kama mlevi anayerudi kwake. Jani hapa, jani pale, la chini, la juu. Wadudu wanaanzia pembeni, kwa hiyo ukiangalia pembeni peke yake utadhani shamba zima limekwisha. Wakiwa wachache, majani yanachumwa, dawa inapigwa, maisha yanaendelea. Wakiwa wameenea, shamba linang'olewa."

Alifundishika haraka. Na kazi ikamkaa kama nguo ya kushonewa. Wahenga walisema maskini akipata matako hulia mbwata, na Semeni alilia mbwata bonde zima likasikia. Alikuwa anaingia shamba la mtu bila hodi, anafunua, anaguna, anatikisa kichwa, mwenye shamba moyo umemwenda mbio, halafu anasema, "Safi," na kuondoka anacheka. Mnavu uliokuwa umeota nyuma ya nyumba za watu aliung'oa wote. Nyumba moja watoto walikuwa wanasubiri ukue waule na ugali. Mama yao akamwambia, "Bi Semeni, tuachie hata wa leo." Akajibu, "Wa leo ndio huo," akautupia motoni.

Wanawake wa ndoo ndio aliowafanyia vibaya zaidi, maana alijua njia zao zote. Alijua wanaingilia wapi alasiri watu wakiwa wamelala, na alikuwa anawangoja huko huko na fimbo. Lakini kazi aliifanya. Hilo mpe haki yake. Mabeseni ya mitego yalianza kupungua weusi, na shamba moja tu kwa Luka, upande wa juu, ndilo lililokuwa limeng'olewa.

Sasa Anjela.

Anjela alikuwa msichana mkubwa wa miaka thelathini hivi, Mkatoliki, mjukuu wa wakata mkonge, mjane wa mapema. Mtu wa maneno machache. Miaka yote hiyo ya kuokoteza, yeye peke yake alikuwa akimwachia Semeni zaidi ya masalio: mstari mmoja mzima hauchumi, anauacha na tungule zake, anasema, "Huo wa Bi Semeni." Semeni alipoumwa malaria ikamlaza, aliyekuwa anakuja na uji alikuwa Anjela. Semeni hakusema asante hata siku moja. Asante yake ilikuwa kutomtukana, na kwa Semeni hilo lilikuwa jambo kubwa.

Mwaka ule Anjela alikuwa amepanga mahesabu yake vizuri kuliko wote. Tungule zake zingeiva Ramadhani ikiandama, wakati mji mzima wa Tanga unapika futari na kila nyumba inataka nyanya. Miche ilikuwa imebeba mpaka imeinama. Ukipita pale unaona zile za chini zimeshaanza kugonga rangi.

Na watu hawakawii. Uweso, jirani wa upande wa pili, ndiye aliyeanza maneno kikaoni. Uweso alikuwa bwana wa kifua mbele, mwenye kinyongo kisichooza.

"Mimi nauliza tu," akasema. "Mbona kwa Anjela kila siku safi? Luka kang'olewa, mimi nimechungwa kama mwizi, kwa Anjela safi. Au ndiyo mkono mtupu haulambwi? Mtu anaachiwa mstari mzima kila mwaka!"

Watu wakacheka. Castory hakucheka. Alimtazama Semeni, akasema kwa ile sauti yake ya upole, "Bi Semeni, mtu wa upendeleo hatuwezi kumpa shamba. Unaelewa."

Semeni alielewa. Alirudi nyumbani akakaa na kinu chake asitwange kitu.

Kesho yake alikwenda. Akaanzia kwa Uweso, na pale nyuma ya banda lake akakuta lile ambalo Uweso alikuwa analificha kwa maneno mengi: rundo la miche ya zamani, imechomwa nusu, nusu bado mbichi, mabaka meupe tele, na nondo wanaruka ukiligusa. Kila asubuhi upepo wa kaskazi ulikuwa unavuma kutoka kwenye rundo lile kwenda moja kwa moja kwa Anjela, kupitia shamba tupu la marehemu Idarusi. Uweso akasimama nyuma yake.

"Litachomwa leo," akasema. "Hukuliona, Bi Semeni. Tena mimi na wewe tutakuwa majirani, inshallah."

Semeni akalipa kisogo lile rundo. Akavuka shamba la marehemu, polepole, miguu ikizama kwenye ule udongo mweusi, na hapo katikati yake akafanya hesabu yake. Anahitaji majirani wote wawili wakubali kula wali wake. Uweso ukimgusa hasamehi, mpaka kufa. Anjela ni mtu wa kanisa, mtu wa uji na mstari. Anjela atalia, atanung'unika, atasamehe. Basi mzigo unamwekea nani? Unamwekea anayeweza kuubeba. Alifikiri hivyo, kweli kabisa, na akajiona ana akili.

Anjela alikuwa amemwagilia tangu alfajiri, shamba zima tope. "Shikamoo, Bi Semeni. Karibu. Chai iko kwenye chupa."

"Marahaba. Nimekunywa."

Semeni akaingia. Akashika mstari wa pembeni, ule unaotazamana na upande wa Uweso, akaufuata mwanzo mpaka mwisho. Kila mche aliofunua ulikuwa na mabaka. Alipofika mwisho alisimama kidogo, akatazama katikati ya shamba, miche ya kijani iliyonona, isiyo na alama. Angeweza kuingia. Ilikuwa hatua chache tu. Akageuka, akarudi kwa mstari ule ule, akaenda moja kwa moja kwa Castory akamwambia, "Kwa Anjela wameenea."

Mchana kikundi kizima kilikuwa pale na majembe. Kung'oa shamba lenye matunda si sawa na kung'oa lililochoka. Miche iliyochoka inatoka kama nywele za mgonjwa. Ile ya Anjela ilikuwa imeng'ang'ania ardhi, inatoka na udongo wake, na tungule zinadondoka na kubingirika kwenye tope. Watu hawakuwa wanaangaliana. Uweso ndiye aliyekuwa anang'oa kwa bidii kuliko wote, na ukimjua Uweso utajua kwa nini.

Anjela alisogea karibu na Semeni. Alisema taratibu, wala wengine hawakusikia.

"Bi Semeni, ulipita katikati?"

"Nilipita."

Anjela akatazama chini, kwenye tope la alfajiri. "Nyayo zako ziko mstari mmoja tu."

"Zimefutika. Watu wengi hapa."

"Nilizitazama kabla hawajaja."

Semeni akatazama alipo Castory. Alisubiri Anjela apige kelele, amwite Castory, amwonyeshe. Angeweza. Castory alikuwa amesimama pale pale. Lakini Anjela alimwangalia tu usoni, akasema, "Haya," akainama na kung'oa mche uliokuwa karibu naye, kwa mikono yake mwenyewe, na mwingine, na mwingine. Semeni akashusha pumzi. Alijiambia, umeona? Amesamehe tayari.

Miche mibichi haishiki moto, wakachimba shimo. Wanawake wa ndoo walikuwa wamejipanga njiani wanaangalia tungule zilizogonga rangi zikitupwa shimoni. Najat, tumbo mbele, akashindwa kuvumilia, akaingia akaokota nne tano akazitia kwenye kanga. Semeni akamfuata, akaikunjua ile kanga kwa nguvu, tungule zikaanguka, akazikanyaga moja moja kwa kisigino. Zilikuwa nzima, hazina tundu hata moja. Aliona, na wote waliona.

Ramadhani ikaandama. Ikawa kama alivyosema bwana shamba: bonde limepona, mitego karibu mitupu, na tungule zikaenda mjini kila alfajiri kwa baiskeli na bajaji, matenga mpaka juu. Uweso akaezeka nyumba bati jipya. Castory akasifiwa mpaka kata. Anjela akawa kibarua, anachuma tungule za watu na kuosha matenga yao. Akikutana na Semeni alikuwa anampa shikamoo kama siku zote, na Semeni alikuwa anaitika kwa furaha iliyozidi kidogo. Siku moja alimwambia, "Mwanangu, Mungu atakupa nyingine." Anjela akasema, "Ndiyo, bibi," akaendelea kuosha tenga.

Idi ikapita, mawingu ya masika yakaanza kujikusanya, na Castory akatangaza siku ya shamba la marehemu Idarusi.

Semeni alipika wali ule kama anaoza binti. Aliazima sufuria kubwa ya harusi. Alikuna nazi mpaka vidole vikauma, tui la kwanza, tui la pili, hakutaka la tatu. Mchele aliupepeta na kuuchagua punje kwa punje. Akakumbuka kwamba kwa akina Anjela Kwaresima ilikuwa haijaisha, asije akapika nyama ikawa kisingizio, akanunua samaki, changu wazuri, akawakaanga, akawalaza juu ya wali pamoja na mchuzi wa ukwaju. Alivaa kanga mpya za Idi. Njiani alikuwa anawaambia watu bila kuulizwa, "Nakwenda kwangu."

Wakaketi kwenye jamvi katikati ya kile kipande chenye udongo mweusi. Castory na Luka na wazee wawili wa kikundi upande mmoja kama mashahidi, Uweso akaja na kifua chake, akaketi. Anjela akaja wa mwisho, ametoka kupalilia shamba la mtu, miguu ina tope. Akaketi. Njiani juu wanawake wa ndoo walikuwa wamesimama, hakuna aliyewaita na hakuna aliyewafukuza. Najat alikuwa na mtoto mgongoni sasa.

Semeni akafunua sufuria. Harufu ya nazi ilipanda, mzee mmoja akasema "Mashallah" kabla hajajizuia. Semeni akapitisha maji ya kunawa mwenyewe, birika mkono wa kulia na beseni kushoto. Alianza kwa Uweso. Uweso akainua mikono, akaishusha.

"Aanze dada," akasema. "Wanawake kwanza."

Semeni akageuka na birika lake. "Nawa, mwanangu."

Anjela alikuwa ameweka mikono magotini. Hakuinyoosha. Maji yalianza kumwagika kidogo kidogo kutoka mdomo wa birika.

"Anjela," akasema Castory.

"Nimekusikia, mwenyekiti."

"Labda umefunga. Ni Kwaresima, tunaelewa. Kama umefunga sema, tutapanga siku nyingine." Alikuwa anamfungulia mlango, na wote walijua kwamba anamfungulia mlango.

"Sijafunga," Anjela akasema. "Njaa ninayo, tangu jana jioni sijatia kitu. Sili tu."

Semeni akaweka birika chini, akapiga magoti palepale kwenye udongo na kanga zake mpya. Yule Semeni! "Mwanangu, nilikosea. Mbele ya watu hawa nasema nilikosea. Nikupe nini? Nitakulimia. Hili shamba tutalima wote wawili, nusu yako, nusu yangu. Kula tonge moja tu. Moja."

Ndiyo mara ya kwanza watu wa bonde lile kumsikia akiomba kitu. Anjela alimsikiliza mpaka mwisho, hakumkatiza, hakutazama pembeni.

"Uji niliokuletea ulipoumwa," akasema, "niliuleta kwa sababu ulikuwa unaumwa. Sikukuletea ili uje unipime kama naweza kuonewa. Siku ile nilikuona ukitoka kwa Uweso, ukasimama hapa hapa ukachagua, mimi au yeye. Ukaona mimi ni wa kusamehe. Basi mimi si wa kusamehe, Bi Semeni. Ulinikagua vibaya."

Akainuka, akapangusa tope la goti, akawaaga wazee kwa adabu, akarudi kupalilia shamba la watu.

Semeni akamgeukia Uweso, bado yuko chini. "Uweso. Wewe unajua. Wewe unajua nilichokufanyia."

"Mimi?" Uweso akaruka kama amekanyaga moto. "Mimi sijui chochote! Na mimi siwezi kula peke yangu, desturi ni pande mbili." Akasimama haraka haraka. Alikuwa amekwishafika kwenye banda lake watu bado wanatafuta viatu.

Castory akakohoa. "Ndiyo hivyo tena, Bi Semeni. Desturi si yangu. Lakini ile kazi ya ukaguzi ipo, tusielewane vibaya. Masika yakikatika watu watapanda tena, na mtu wa kung'oa bila huruma tunamhitaji. Tutaanzia kwa Luka." Luka aligeuza uso, akatema mate. Wazee wakaitazama sufuria mara ya mwisho, macho ya watu wenye njaa, wakaondoka nyuma ya mwenyekiti wao.

Semeni akabaki kwenye jamvi. Baadaye alisimama, akakunja jamvi, akaifunika sufuria kitambaa, akaweka ngata kichwani aondoke nayo. Lakini sufuria ya harusi iliyojaa mtu hajitwiki peke yake, lazima awepo wa upande wa pili wa kuinua. Alijaribu mara moja, ikafika magotini, ikamshinda. Akatazama njiani.

"Najat! Njoo unitwike, mama. Njoo na ndoo yako, nitakujazia, wote nitawajazia."

Najat alikuwa anamnyonyesha mtoto. Alitazama ule wali kutoka mbali, changu wake, nazi yake, akameza mate, na wenzake wakameza. Kisha akampachika mtoto mgongoni, akafunga kanga, akashika njia ya kwao, na wengine wakamfuata mmoja mmoja na ndoo zao tupu.

Kumwaga wali ni dhambi, na Semeni aliijua njaa vizuri mno kuumwaga. Kuuacha pale, ungeliwa na mbwa wa Uweso. Akaketi chini kwenye ule udongo mweusi, akanawa, akasema bismillahi, akaanza kula. Ulikuwa umekwishapoa. Alikula mpaka koo likakataa, akapumzika, akala tena, mpaka sufuria ikawa nyepesi ya kuiinua mwenyewe.